Mkono wa Marehemu Fidencio

"Ondoa huo mshumaa!"

"Uondoe wewe, kama mikono unayo!"

"Doña Engracia, nakuheshimu, lakini hiki ni kiwanda. Si kanisa!"

"Na mume wangu alifia wapi, injinia? Kanisani?"

Mkanda wa kubebea masinki ulikuwa umesimama.

Ndiyo, ndugu msomaji, hapo hapo tulipowaacha wiki iliyopita ndipo walipo bado, na sauti ndiyo kwanza zinapanda. Injinia Ubaldo Rentería kasimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta, shingo imevimba. Mbele yake mjane wa Fidencio Cuamatzi, mfupi, shali nyeusi, kibiriti mkononi kama bastola. Katikati yao kuna Crispín, mtoto wa marehemu, ambaye kwa bahati mbaya ndiye pia fundi wa injinia. Yeye ndiye anayeziandikia kompyuta za kiwanda hicho amri zao zote.

Na nyuma ya kioo, ndani ya kizimba cha waya, Mkono, roboti ya kupaka masinki, umeganda hewani.

Kwenye skrini maandishi mekundu yanawaka na kuzima. MTU NDANI. MTU NDANI. MTU NDANI.

Kizimba kitupu. Hamna hata paka.

Wafanyakazi wameshaacha kazi. Wamejipanga kando ya mkanda wanafanya ishara ya msalaba. Mmoja anasema, "Si nilisema? Don Fidencio karudi kazini." Mwingine anamjibu, "Karudi, na bado hawajamlipa likizo." Hakuna aliyecheka.

"Doña," injinia akashusha sauti, akajaribu upole, "siku ya wafu ni Novemba mbili. Nchi nzima inajua. Leo Oktoba ishirini na nane. Umekosea siku."

Loo! Alivyogeuka yule mama!

"Nimekosea siku? Mimi? Huko kwenu Monterrey mnawaita wafu wote kwa pamoja kama mkutano wa hadhara. Hapa Tlaxcala kila mfu ana siku yake. Novemba mbili ni ya waliokufa kitandani, wamefumbwa macho na watoto wao. Leo ni ya waliokufa kwa ajali. Na waliouawa."

Injinia akautazama mshumaa. Kumbe! Ndiyo maana asubuhi yote watu walikuwa wanaangalia ule mshumaa halafu wanamwangalia yeye. Kuuwasha leo, mbele ya kizimba, ni sawa na kupanda juu ya mnara wa kanisa na kuutangazia mji mzima wa Apizaco: kiwanda cha Loza Malintzi kilimuua mume wangu.

"Daktari alisema moyo," akasema.

"Daktari wa nani? Wako."

"Mama, tafadhali," Crispín akaingilia.

"Wewe nyamaza. Wewe ndiye unayelilisha hilo dude kila siku."

Ilimchoma. Ni kweli.

Maana huo Mkono, msomaji, usiuchukulie kama winchi tu ya chuma. Miaka thelathini Fidencio alisimama na bomba la kupulizia, anayapaka masinki na vyoo ule uji mweupe ambao ukiingia tanurini unatoka unang'aa kama kioo. Siku kompyuta zilipoletwa, zilijua kila kitu. Zilijua joto la tanuri, mwendo wa mkanda, na umbo la kila sinki linalokuja. Kitu kimoja tu hazikujua: kupaka. Ukizidisha uji, unachuruzika. Ukipunguza, sinki linatoka na upara. Basi wakaufunga Mkono mpini, wakamwambia mzee aushike na kuuongoza, kama unavyomshika mtoto wa darasa la kwanza kiganja umfundishe kuandika. Kompyuta ikawa inatunza kila alichofanya. Kila mzunguko, kila kusita, hata siku aliyopiga chafya, ile chafya imo.

Mzee alikufa wiki ya karnivali, zile ngoma za vinyago kabla ya Kwaresima. Mkono haujui. Asubuhi mpaka jioni unapaka kwa mwendo wake. Na kabla ya kila sinki unagonga ukingo mara mbili, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. Fidencio alikuwa hivyo. Hata mezani, kabla ya kula, kijiko kilikuwa kinagonga sahani, ko, ko.

Crispín ameisikia hiyo hodi tangu karnivali. Akienda kulala anaisikia ukutani.

Mama yake akamshika kola.

"Sikiliza, mwanangu, na huyo bwana wako asikie. Nataka kumwita leo. Kengele ya saa sita ikilia, wafu wa leo wanaingia. Kama baba yako alikufa kwa moyo, basi nitakuwa nimemwita siku isiyo yake. Atafika katikati ya watu asiowajua, na milango ya leo si yake. Na kama aliuawa, halafu mimi nikaogopa macho ya watu nikangoja mpaka Novemba, basi leo atashinda nje peke yake kama mbwa. Mfu haitwi mara mbili. Nataka kujua kabla ya saa sita. Baba yako alikufa vipi?"

"Mama, mimi sikuwepo."

"Nani alikuwepo?"

"Hakuna. Aliingia mwenyewe, wenzake wako kwenye chakula..."

"Hayo ni maneno yao. Nakuuliza wewe."

Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita saa tano na nusu.

Injinia akachoka kuheshimu. Akampita mama wa watu, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa kizimba. Pale, juu ya nguzo, ndipo lilipo jicho la kompyuta. Ni kidude kidogo chenye mwanga usioonekana, mwanga ukikatizwa kompyuta inajua kuna mtu, inasimamisha kila kitu. Na kwenye hiyo nguzo, kwa unadhifu kabisa, mtu alikuwa amening'iniza shada nene la maua ya manjano ya wafu.

Injinia akalinyofoa.

Skrini ikafutika. Mkono ukatikisika, ukapumua upepo wake, pshhh, ukarudi mahali pake pa kupumzikia.

"Haya!" akalirusha shada hewani. "Huyu hapa mzimu wenu! Nani kaweka maua mbele ya jicho?"

Akina mama wawili wa kufungasha wakaangalia viatu vyao. Mmoja akanong'ona, "Si tulitaka Don Fidencio ayaone vizuri."

Mtu mmoja akacheka, halafu wawili, halafu wote. Woga uliwatoka kama hewa kwenye mpira. Crispín naye alitaka kucheka akashindwa, maana aligundua moyoni mwake kitu cha aibu. Alikuwa ametamani iwe kweli.

Na hapo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Don Wulfrano.

Nyinyi wasomaji wageni, huyu ndiye mkuu wa zamu, kiwanda kizima kinamwita mzee. Ndiye aliyemshika Crispín kwenye maji ya ubatizo. Yeye na Fidencio walikuwa kompadre, maana waliobatiziana watoto hapa ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Karnivali zote walicheza kundi moja, vinyago vya mbao usoni, manyoya kichwani, wamelewa wote wawili. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwani.

Chini ya kwapa alikuwa na mkate wa wafu, bado moto, umefungwa kwa kitambaa.

"Kompadre yangu alipenda wa ufuta," akamwambia Engracia, akauweka kando ya mshumaa. Halafu akamgeukia injinia, "Muache mama awashe mshumaa wake, Ubaldo. Mshumaa haujawahi kula mtu."

"Mzee, wageni wa kutoka makao makuu wanafika mchana huu."

"Watakuta mshumaa. Kwani hawana wafu kwao?"

Engracia akamshika mkono akaubusu. Hapo ndipo machozi yalipomtoka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Injinia akaona amezidiwa. Mtu akizidiwa anatafuta wa kumwangukia. Akamwangukia Crispín.

"Wewe, ndani. Futa masomo."

"Masomo gani?"

"Yote ya Fidencio. Makao makuu wameleta mapya, yamechorwa na kompyuta tupu, hayana mkono wa mtu. Nimechoka na chuma kinachobisha hodi. Ndiyo maana watu wangu wanaona mizimu. Futa sasa hivi, niingize mapya kabla ya wageni."

Crispín akaangalia baba yake wa ubatizo, akitegemea msaada.

Don Wulfrano akainamisha kichwa. "Labda ni heri, mwanangu. Muache apumzike."

Basi wakaingia wote kwenye chumba cha kompyuta, injinia, mzee, mjane, na Crispín akakaa kwenye kiti. Chumba chenyewe kidogo, dirisha moja la kioo kinene linalotazama kizimbani. Ukifunga mlango husikii kitu cha nje, na wa nje hawakusikii hata ukiimba.

Crispín akafungua ghala la masomo. Akaweka kidole. Akabonyeza kufuta.

Kompyuta haikufuta. Ikauliza swali.

SOMO MOJA HALIJAKAMILIKA. ENDELEA KULITUNZA AU LITUPWE?

"Nini hiyo?" injinia akauliza.

"Sijui. Hili sijawahi kuliona." Crispín akasogea karibu na skrini. "Halina jina. Lilianzwa halikumalizwa. Lilianzwa..."

Akaacha. Akaisoma tena tarehe.

"Lilianzwa lini?" mama yake akauliza.

"Jumanne ya karnivali."

Hiyo ndiyo siku aliyokufa Fidencio.

Crispín akageuka taratibu kwenye kiti chake.

"Injinia. Ulisema baba aliingia kizimbani peke yake. Wakati wa chakula, anashangaa shangaa tu."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Alikuwa anafundisha somo."

"Basi alikuwa anafundisha. Kuna tofauti gani?"

"Unajua tofauti." Crispín akagonga mkono wa kiti. "Huwezi kuufundisha Mkono peke yako. Mmoja anashika mpini ndani, mmoja anakaa kwenye kiti hiki anabonyeza kuanza na kuacha. Hata shetani mwenyewe angehitaji mwenzake. Nani alikuwa kwenye kiti?"

"Mimi siku hiyo nilikuwa mjini Puebla! Muulize yeyote!"

"Sijakutaja wewe. Nimeuliza nani."

"Lionyeshe," Engracia akasema.

"Mama..."

"Hilo somo. Lionyeshe. Nataka kumwona mume wangu."

Injinia akaruka kuzuia, Crispín akawa mwepesi zaidi. Akabonyeza.

Nyuma ya kioo, Mkono ukaamka.

Hamna sinki mbele yake, hamna uji bombani. Ukanyanyuka mtupu, polepole, ukashuka mahali ambapo ukingo wa sinki ungekuwepo. Ukagonga hewa mara mbili.

Ko, ko. Hawakuisikia, kioo kinene. Lakini Engracia aliweka kiganja mdomoni.

"Ni yeye," akasema. "Mungu wangu. Tazama bega linavyotangulia. Ni yeye."

Na kweli alikuwa yeye. Mtu asiyemjua Fidencio angeona bomba la chuma linazunguka. Mkewe alimwona mtu wa miaka hamsini na tisa, goti la kulia bovu, anazunguka sinki kama anamzunguka bibi harusi. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Pale kwenye kona ngumu akasita, akarudi nyuma kidogo, akapitisha tena, maana hakuwahi kuiamini kona mara ya kwanza. Mama wa watu alikuwa anatabasamu huku analia.

"Hajachoka," akanong'ona. "Siku hiyo hakuwa amechoka."

Crispín aliona kitu kingine. Mzunguko wa tatu ulikuwa umechelewa. Mkono ulianza kutetemeka, tetemeko dogo dogo ambalo baba yake hakuwa nalo. Ukasimama katikati ya njia.

Na wakati umesimama, kabla ya lolote kutokea, Don Wulfrano akafumba macho.

Ndipo Mkono ukainuka juu, ukageukia dirishani, na kupunga.

Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Chuma kirefu kuliko mtu, kinawapungia wao, pale pale kwenye kioo, mara ya tatu, mara ya nne...

PA! Injinia akapiga kitufe chekundu.

Mkono ukaganda umeinuliwa, kama mtu anayeomba lifti barabarani.

"Inatosha!" injinia akafoka. "Inatosha, mmeona, mchezo umekwisha!"

Kabla Crispín hajajigeuza, mkono wa injinia ulishapita juu ya bega lake. Kufuta. Ndiyo. Una uhakika? Ndiyo. Ghala likawa jeupe. Masomo yote, miaka yote, hodi zote, yakaenda.

Crispín akamkaba shati. "Kwa nini umefuta? Nani ulikuwa unamficha? Ni wewe! Ulikuwa hapa! Puebla, Puebla, Puebla gani?"

"Niachie!"

"Alikuwa anakupungia wewe!"

"Mwanangu, muache," Engracia akasema.

Alisema kwa sauti ya chini mno, lakini wote walisimama. Hakuwa anamtazama injinia. Alikuwa anamtazama yule mzee wa mkate.

"Kompadre," akamwita. "Kwa nini umefumba macho?"

Don Wulfrano akageuza uso.

"Umefumba kabla hajapunga. Sisi wote tulikuwa tunatazama, hatujui kinachokuja. Wewe ulijua. Umejuaje, kompadre?"

Msomaji, nimewahi kuona watu wazima wakilia misibani, lakini sijawahi kuona mtu akizeeka wima namna ile. Alishika ukingo wa meza.

"Nilidhani anacheza."

"Nini?"

"Ilikuwa karnivali, Engracia. Jioni yake tulikuwa tunaenda kucheza. Kutwa nzima alikuwa ananichekesha na lile dude, anacheza nalo hatua za kundi letu, analichezesha kichwa kama lina manyoya. Nikamwambia acha utoto, tumalize somo tukavae vinyago. Aliposimama akapunga, mimi... nilicheka. Nilimpungia na mimi. Nikajua amemaliza. Nikabonyeza kurudia, Mkono uanze somo upya."

Crispín akaliachia shati la injinia. "Ulibonyeza kurudia. Na yeye bado ndani."

"Mlango ulikuwa na waya. Tulilifunga jicho kwa waya lisione, kila mtu alikuwa anafanya hivyo, ili kompyuta isitusimamishe kila dakika. Mkono ulirudi kwa nguvu zake zote. Nilipoangalia tena, alikuwa chini."

"Mimi nilirudi kutoka Puebla nikamkuta huyu mzee amepiga magoti kizimbani," injinia akasema huku anapanga kola yake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kiburi. "Aliniomba. Aliniambia mjane akijua atakufa. Waya nikautoa mimi, daktari nikamleta mimi. Unadhani namfichia nani, Crispín? Kiwanda? Nilikuwa namfichia baba yako wa ubatizo, mjinga wewe. Na bado leo nimefuta kwa ajili yake."

Crispín akamtazama Don Wulfrano. Huyo mzee ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Ndiye aliyemwombea kazi hapa. Kila Jumapili tangu mazishi alikuja nyumbani, anakaa kwenye kiti cha marehemu, anakula, anamwita Engracia dada.

Engracia alimsogelea. Crispín akadhani anampiga. Hakumpiga.

"Basi ni ajali," akasema. "Basi siku yake ni leo. Sikukosea."

"Sijui, Engracia."

"Hujui nini? Umesema umebonyeza!"

"Sijui kama alikuwa bado amesimama!" Mzee akapiga kifua. "Daktari hakusema uongo wote. Moyo ulikuwa mbovu. Huenda alikuwa ananipungia kwa sababu moyo umemshika, anaomba msaada, na akaanguka kabla sijabonyeza. Huenda alikuwa mzima kabisa, na mimi ndiye niliyemmaliza. Nilikuwa nimeinama kutafuta kinyago changu chini ya meza. Nilibonyeza bila kutazama. Tangu siku hiyo sijui, usiku sijui, mchana sijui. Nikiuliza mshumaa haunijibu."

Kwa hiyo hata ukweli ulipotoka, ulitoka nusu. Moyo au Mkono? Oktoba au Novemba? Ukutani palibaki robo saa tu kabla ya kengele.

Crispín alikuwa anatazama nje ya dirisha. Ule Mkono bado umeinuliwa pale pale ulipokatizwa.

"Haujamaliza," akasema.

"Nini?"

"Somo. Kwenye ghala limefutika, lakini Mkono ulikuwa umeshalichukua lote kabla haujaanza kutembea. Kilichobaki bado kimo ndani yake. Kama mtu aliyekatizwa na tonge mdomoni." Akaanza kuongea haraka, kama anajisomea mwenyewe. "Kompyuta ilitunza mpaka pale mzee alipobonyeza. Baada ya kupunga kuna kipande bado. Ule Mkono ukiuachia, hauanguki, una springi, unabaki ulipo. Kushuka, unashuka pale tu mtu akiulemea. Kama baba alianguka kwa moyo huku ameshika mpini, Mkono utashuka naye taratibu. Kama alikuwa amesimama mzima, utabaki juu mpaka mwisho."

Injinia akatikisa kichwa. "Umeshapigwa kitufe chekundu. Hauendelei."

"Unaendelea."

"Kwa mkono tu. Mpaka mtu aingie kizimbani ashike mpini, na mwingine abonyeze hapa. Na ukizimwa mara moja tu, ukirudishwa nyumbani mara moja tu, basi, hakuna tena."

"Najua. Mimi ndiye niliyeiandika hiyo amri."

"Crispín, sikiliza. Kile kitufe kikishapigwa katikati ya njia, sijui huo Mkono utaanza na nguvu gani. Unaweza kuanza kwa kuruka. Hayupo anayejua. Mimi hapa sibonyezi. Nimebeba maiti moja ya familia hii, sibebi ya pili."

"Sijakuomba wewe."

Engracia ndiye aliyeelewa kwanza. Akamshika mwanawe mikono yote miwili.

"Hapana. Acha. Nimeghairi, sitaki kujua tena."

"Mimi nataka, mama."

"Nitawasha leo na Novemba nitawasha! Ninaomba! Mtoto mmoja tu ninaye!"

"Kila ninapolala anabisha hodi. Ni miezi sasa. Nachoka kumwambia subiri."

Akamtoa mikono, kidole kimoja kimoja, kwa adabu. Halafu akakivuta kile kiti cha kompyuta, akakigeuza, akamtazama baba yake wa ubatizo.

"Kaa."

"Mwanangu, usinifanyie hivi." Don Wulfrano alirudi nyuma mpaka ukutani. "Mwambie mwingine yeyote. Mwambie mpishi. Mimi sikikalii hicho kiti tena maishani mwangu."

"Ulikikalia akiwa ndani baba. Utakikalia nikiwa ndani mimi. Na safari hii utakuwa unatazama. Kaa, baba."

Hajawahi kumwita baba hata siku moja. Yule mzee akakaa. Alikaa kama mtu anayeshushwa kaburini, kidole akakiweka juu ya kitufe.

"Nikishika mpini, nitakutazama," Crispín akasema. "Nikiinamisha kichwa, bonyeza. Humu hatutasikiana, kwa hiyo ni macho tu. Usitazame kitu kingine chochote. Hata mama akianguka, wewe nitazame mimi."

"Ndiyo."

"Injinia, asiguse mtu kitufe chekundu mpaka kipande kiishe. Ukikigusa, umemuua mara ya pili."

Injinia akaweka mikono mifukoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitii.

Huko nje, wafanyakazi walikuwa wameshauona ule Mkono uliosimama juu, na kicheko chao kilishakufa. Mmoja alikuwa ameshavua kofia. Mbali, upande wa kanisani, fataki ya kwanza ya kuwakaribisha wafu ikapasuka angani. Wameanza mapema.

Crispín akafika mlangoni.

"Mwanangu," Don Wulfrano akamwita, macho yamemtoka, kidole kwenye kitufe. "Na ukipunga? Ukipunga, nifanye nini?"

Crispín alisimama, mkono kwenye kitasa. Akafikiri.

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, ukajifunga.